Mshambuliaji Mgeni Hazomewi Mechi ya Tatu

Pale Garsen, si mbali na stendi ya magari ya Malindi, kuna banda la mabati ambalo sote tunaliita video. Kiingilio ni shilingi 50. Benchi za mbele ni za Arsenal, za nyuma ni za Manchester United, na wenye Chelsea na Liverpool hujibanza palipobaki. Jua likishayapiga yale mabati mchana kutwa, humo ndani huwa tanuri, lakini hatutoki. Nimekaa benchi za mbele tangu enzi za televisheni ya mgongo na jenereta, na kila msimu nimeona jambo lile lile. Mchezaji mpya akisajiliwa, mwezi wa Agosti huitwa mkombozi. Ikifika Septemba hajafunga, huitwa gogo. Oktoba mtu mzima, baba wa watoto wanne, husimama juu ya benchi akamwambia kijana aliyeko London afunge virago arudi kwao, kana kwamba anamsikia.

Mimi nimo katika hao. Nasema mapema ili msomaji asidhani kuwa naandika kama msafi. Wiki hizi nimekuwa nikilifikiria sana jambo hili kwa sababu ya vijana wawili wa timu yetu ya mtaani, mmoja aliyeondoka na mmoja aliyekuja. Nitawafikia. Kwanza nataka tulitazame swali ambalo kwenye video huulizwa kwa matusi tu: inakuwaje mtu aliyekuwa akifunga kila wiki alikotoka, akija kwetu anakuwa kama aliyefungwa miguu?

Wengi wetu hudhani kufunga mabao ni kitu ambacho mtu hutembea nacho mfukoni kama kitambulisho, akihama anahama nacho. Haiko hivyo. Bao ni kazi ya watu wanne au watano, na mshambuliaji ni yule wa mwisho kuigusa. Beki wa kulia anapopiga krosi haangalii sana mwenzake yuko wapi. Anapiga pale anapojua atakuwapo, kwa sababu wamefanya hivyo mara mia mbili mazoezini. Akija mgeni aliyezoea kusubiri nguzo ya mbali, na krosi za timu hii siku zote huenda nguzo ya karibu, mpira utapita mbele ya goli bila mtu. Sisi kwenye benchi tunaona mtu mmoja aliyekosa bao la wazi. Kilichotokea ni kwamba watu wawili hawajazoeana.

Kisha kuna nafasi yenyewe. Klabu humnunua mtu kwa kazi aliyokuwa akiifanya kwingine, ikamweka afanye nyingine. Kuna kasi ya ligi, kwa maana palipokuwa na sekunde mbili za kuutuliza mpira sasa kuna nusu sekunde na beki mgongoni. Kuna lugha: kocha anapiga kelele kando ya uwanja, wote wanageuka, mgeni anageuka wa mwisho. Na kuna mambo ya nyumbani ambayo hayaonekani kwenye televisheni, mke ambaye hajapata viza, mtoto ambaye hajapata shule, chakula kisichoshuka.

Wafugaji wetu wanalijua hili kuliko mashabiki. Ng'ombe aliyetoka nyanda kavu za upande wa Garissa akiletwa kwenye majani ya delta, hupungua kwanza. Maji mengine, majani mengine, na mbung'o ambao hajawahi kukutana nao. Hakuna mfugaji wa Tana River anayemchinja ng'ombe huyo wiki ya tatu kwa sababu mbavu zimeonekana.

Wazee wa benchi za mbele wanaukumbuka mwaka 1999. Arsenal walimuuza Nicolas Anelka kwa Real Madrid, wakamleta Thierry Henry kutoka Juventus. Kule Italia alikuwa amekaa miezi michache tu, tena akichezeshwa pembeni. Arsène Wenger, aliyemjua tangu utotoni pale Monaco, akamwambia atacheza katikati, mbele kabisa. Mechi zikaanza kupita bila bao. Anakimbilia pembeni kwa mazoea, akifika golini anapiga nje. Bao la kwanza lilikuja Septemba, ugenini kwa Southampton, tena akitokea benchi. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 26 katika mashindano yote, na alipomaliza kabisa habari zake na Arsenal alikuwa na 228, mengi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuivaa jezi ile. Leo kila mtu kwenye video atakwambia alijua tangu siku ya kwanza. Uongo mtupu.

Benchi za nyuma nao wana hadithi yao. Januari 2006 Patrice Evra alianza kuichezea Manchester United ugenini kwa Manchester City. Kipindi cha kwanza kilipokwisha akatolewa, na United wakalala 3-1. Mtu aliyeitazama siku ile peke yake angeapa kuwa huyu si beki. Baadaye alichukua ubingwa wa ligi mara tano na klabu ile ile.

Na hili la Kai Havertz ni la juzi tu, hatuwezi kujifanya tumelisahau. Arsenal walimchukua kutoka Chelsea katikati ya mwaka 2023 kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 65. Wakamweka kiungo. Agosti ikapita na Septemba karibu iishe. Tarehe 30 Septemba, ugenini kwa Bournemouth, Arsenal wakiwa tayari wanaongoza, ikapatikana penalti na wenzake wakamwachia mpira. Akafunga. Wale wachezaji wote wakamkimbilia kama aliyeshinda kombe. Kwenye video yetu tulicheka mpaka machozi, tukasema kijana amepewa sadaka. Miezi michache baadaye Mikel Arteta alimsogeza mbele kuwa mshambuliaji wa kati, na msimu ukaisha akiwa na mabao 13 ya ligi. Nikikumbuka kile kicheko najiona mjinga. Wale waliokuwa wakicheza naye kila siku walikuwa wanajua kitu ambacho sisi wa shilingi 50 hatukukijua: mwenzao alikuwa anafanya kazi, bao tu ndilo lililokuwa halijaja.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyumbani. Ni Michael Olunga.

Sote tulimwona akiondoka Gor Mahia baada ya msimu wa 2015, ule ambao timu ilitwaa ligi bila kufungwa hata mechi moja. Akaenda Sweden kwa Djurgården, kisha China, kisha akapelekwa kwa mkopo Girona ya Uhispania. Januari 2018 aliwatia Las Palmas mabao matatu katika ushindi wa 6-0, na Kenya nzima ikapiga vigelegele. Hata hivyo Girona hakupata nafasi ya kudumu. Agosti mwaka huo akasajiliwa na Kashiwa Reysol ya Japani.

Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo twende polepole. Ligi ya Japani wakati ule ilikuwa ikianza Februari na kuisha Desemba. Maana yake, aliyeingia Agosti alilikuta gari liko mbioni. Hakufanya maandalizi ya mwanzo wa msimu na wenzake, hajui nani hupiga pasi ndefu na nani hupenda kupiga chenga kwanza, na timu yenyewe iko mashakani. Alicheza mechi 10 za ligi akafunga mabao 3. Mwisho wa mwaka Kashiwa wakashushwa daraja.

Jiulize: mshambuliaji wa kigeni ameletwa kuiokoa timu, na timu imeshuka. Kwetu huyo angefika salama stendi? Kashiwa walibaki naye. Wakaanza 2019 pamoja, maandalizi kamili, daraja la pili, chini ya kocha Nelsinho. Olunga akafunga mabao 27 ya ligi na timu ikarudi juu. Mechi ya mwisho ya msimu ule, tarehe 24 Novemba, waliwafunga Kyoto Sanga 13-1, na mabao 8 kati ya hayo yalikuwa ya Olunga peke yake. Nane! Nilidhani mwenye simu amekosea kusoma. Mwaka uliofuata, wakiwa ligi kuu, akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima ya Japani. Januari 2021 Al-Duhail ya Qatar wakamchukua.

Mguu wake wa kushoto wa 2018 ni ule ule wa 2020. Kimo chake hakikuongezeka. Kilichobadilika ni wale waliomzunguka kujua mpira autakao uwekwe wapi, na yeye kujua utafika lini. Na hilo haliji kwa kuamriwa na mtu aliyesimama juu ya benchi.

Kuna wanaosema: sawa, lakini pesa ile nyingi! Mtu wa milioni 60 hana haki ya kuchelewa. Hesabu za klabu ziko kinyume na hasira zetu. Klabu ikimnunua mchezaji kwa pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabuni bei ile hugawanywa, milioni 12 kila mwaka. Mwaka mmoja ukipita, bado milioni 48 hazijafutwa. Wakimuuza wakati huo kwa milioni 20 kwa sababu mashabiki wamemchoka, lazima waandike hasara ya milioni 28 siku hiyo hiyo. Ndiyo maana makocha huvumilia kuliko sisi. Si kwamba wana roho nzuri kutuzidi.

Sisi tuna mkeka. Hili la kubeti nalo limeharibu mengi. Zamani mtu alikasirika kwa sababu timu yake imefungwa. Siku hizi kuna kijana ambaye hata Arsenal haipendi, lakini ameweka shilingi 100 kwamba mshambuliaji fulani atafunga, na mkeka ukichanika anatukana kuliko mwenye timu. Amemfanya mchezaji kuwa mdeni wake, na mdeni hapewi muda.

Sasa nije kwa kijana wetu.

Timu yetu ya Garsen mimi natunza jezi na mipira. Si cheo, ni gunia mbili na ufunguo. Wachezaji wengi ni Wapokomo wa vijiji vya kando ya mto, na Wagiriama wachache. Mwaka juzi kocha aliona kijana mmoja wa Kiorma kwenye mechi ya kirafiki, mtoto wa wafugaji wa upande wa nje, mwenye mbio za ajabu. Akamwomba aje atuchezee mbele. Wasomaji wa mbali huenda wasione uzito wake. Mapigano ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 baina ya wakulima na wafugaji katika delta hii yaliua watu zaidi ya 100, na miaka mingi baadaye bado watoto wa huku na wa kule hawakuwa wanacheza pamoja hivi hivi. Kijana yule alikuwa wa kwanza kuivaa jezi yetu. Kila jioni alikuja mazoezini kwa miguu akiwa na kiatu kimoja kimeshonwa kwa waya.

Mechi ya kwanza hakufunga. Ya pili hakufunga. Siku moja baada ya mazoezi, akinirudishia mpira, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ami, mimi mpira naupenda mbele yangu. Hawa wananipa mguuni."

Nilimjibu, "Utazoea, mwanangu."

Laiti ningelibeba neno lile nikampelekea kocha. Kwao, kwenye uwanda wazi, mpira hutupwa mbele na mwenye mbio anaufuata. Kiungo wetu amekulia na mshambuliaji wa zamani, mtu mzito wa kusimama na mgongo kwa goli, ambaye alitaka kila pasi imfikie unyayoni. Mshambuliaji yule alikuwa ameshahamia Mombasa kutafuta kazi, lakini kiungo bado alikuwa anampigia yeye. Kijana anachomoka nyuma ya beki, anainua mkono, mpira unabaki nyuma yake, watu wanaguna.

Mechi ya tatu alipata moja ya wazi kabisa, akapiga juu. Mtu mmoja kando ya mstari akapaza sauti, "Rudi kwa ng'ombe wako!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilitabasamu tu, lakini nilicheka, na nilikuwa nimesimama pale ambapo angeweza kuniona.

Jumatatu alikuja nyumbani kabla ya adhuhuri. Alikuwa ameifua ile jezi nambari 9, ameikunja vizuri, ameitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Ami, amana yenu hii."

"Mbona mapema? Msimu bado."

"Kazi za nyumbani zimekuwa nyingi."

Hakulalamika, hakumtaja mtu. Alikunywa maji, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Siku za mnada wa mifugo huwa namwona, na hunisalimia vizuri kuliko ninavyostahili. Sijasikia kwamba amecheza tena popote. Na tangu siku hiyo hakuna kijana mwingine wa upande wao aliyekuja kuomba jezi, ingawa kocha amekwenda mara mbili kuzungumza na wazee.

Thierry Henry akizomewa ana mshahara wake, ana wakala, ana Wenger. Kijana wa Garsen akizomewa ana njia ya kurudi nyumbani tu, na huichukua. Sisi tunaotoka kwenye video na matusi yale mdomoni tunayabeba mpaka uwanja wa shule, tukidhani ni mchezo ule ule.

Sisemi kila mgeni ni Olunga anayesubiri. Arsenal walimnunua Nicolas Pépé mwaka 2019 kwa pauni milioni 72, wakampa muda, wakampa tena, na mwaka 2023 mkataba ukavunjwa akaondoka bure. Wapo ambao hawaendani na timu hata ungewangojea miaka kumi, na kocha ana haki ya kuamua. Ukiniuliza mimi muda gani unatosha, nitasema msimu mmoja kamili ambao mchezaji ameuanza pamoja na wenzake tangu mazoezi ya kwanza. Aliyeingia katikati, ile nusu isihesabiwe.

Na katika muda huo tutazame nini, ikiwa hatutazami mabao? Tazama kama anafika kwenye nafasi za kufunga. Mshambuliaji anayekosa mabao matatu katika mechi moja ananipa moyo kuliko yule ambaye hakukosa lolote kwa sababu hakuonekana. Wa kwanza anajua pa kwenda, mguu utafuata. Tazama mbio zake wakati hana mpira. Hapo kwenye televisheni ni vigumu, kamera inaufuata mpira, lakini uwanjani kwetu kila kitu kiko wazi na hatuna kisingizio.

Msimu huu tumepata mgeni mwingine, kijana kutoka Hola anayekaa kwa mjomba wake hapa mjini. Mechi tatu, bao hakuna. Minong'ono imeshaanza, juzi kwenye kahawa nilisikia mtu akimwita mtalii. Mechi ya tatu niliingia uwanjani na kokoto mfuko wa kulia. Kila alipochomoka nyuma ya mabeki nilihamisha kokoto moja mfuko wa kushoto, na kila alipopewa mpira katika mbio hizo niliweka nyingine kwenye kiganja. Mechi ilipokwisha, mfuko wa kushoto ulikuwa na kokoto 11. Kiganjani zilikuwa 2.

Nilimwita kiungo wetu, yule yule wa mwaka juzi, nikamwonyesha. Alizitazama muda, akasema, "Kumbe ni mimi, mzee?" Nikamwambia si yeye peke yake, na mimi nina fungu langu. Jumanne kocha aliwaweka wawili hao peke yao kwa dakika 20, mmoja anapiga mbele, mmoja anafuata. Pasi nyingi zilitoka nje. Chache zilifika.

Jumamosi tunacheza na vijana wa Ngao. Nimeshaokota kokoto za kutosha, na wenzangu wawili wa benchi za mbele wameniomba za kwao.